Dizeli ya Kukipanda Kilima cha Shule

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nanunua gari! Shule ya kilimani inatafuta mtu wa kuwapandisha walimu kila asubuhi msimu huu wa mvua. Mwalimu Mkuu anataka gari la dizeli linalovuta kwa matairi yote manne. Atachagua Jumatatu ijayo. Kazi ya mwaka mzima! Uchoraji wa mabango nawaachia wenye subira.

Akiba ni ya mke wangu zaidi kuliko yangu. Yeye anashona, mimi napanga. Kasema atatoa, ila gari liwe zima, na kazi ya shule ikinipita narudi kwenye mabango bila kununa. Nimekubali. Itanipitaje?

Shemeji, kaka yake, naye anaitaka kazi hiyohiyo. Na kigari chake kile cha lami! Nimecheka hadi chai ikanipalia.

Jumanne, 4 Machi

Nimezunguka na Fundi wangu wa magari tangu asubuhi. Gari la kwanza lilipambwa kama bibi harusi, lakini la petroli. Fundi akasema litakunywa mshahara wangu wote kisha lidai nyongeza. La pili dizeli, sawa, ila muuzaji alikuwa ameshaliwasha kabla hatujafika. Fundi akagusa boneti, ya moto, akanivuta mkono tukaondoka. Anasema dizeli yenye maradhi hufichwa hivyo. Ukiipasha moto mapema haikohoi mbele ya mgeni.

La tatu nimelipenda! Jeupe, la Mzee Mpimaji, mstaafu aliyepima mashamba maisha yake yote. Sura kama kabati. Lilikuwa baridi kabisa, likawaka mara moja, moshi kidogo ukakata. Chini halina kutu. Gia ya mlima inaingia bila ugomvi. Fundi akaninong'oneza nisiliachie. Lakini bei imetushinda kidogo, Mzee hapunguzi, na kuna wateja wengine wanalizungukazunguka.

Nina mpango.

Jumatano, 5 Machi

Nimenyolewa, ingawa nilinyolewa juzi tu. Nikiwa kitini nikamwambia Kinyozi, kwa siri, kwamba gari jeupe la Mzee Mpimaji giaboksi yake imekufa. Nikamwapisha asimwambie mtu. Kumpa Kinyozi siri ni kuibandika ukutani. Ndiyo maana nilimchagua.

Ijumaa, 7 Machi

Wateja wote wamekimbia! Mzee kapunguza mwenyewe, kwa unyonge. Nilijisikia vibaya, mpaka aliponipa funguo.

Jioni nikampandisha mke wangu hadi juu kilimani, kwenye tope lile linalowashinda hata waendao kwa miguu. Gari halikuhema. Mke wangu husifu kitu mara moja kwa mwaka. Leo kaweka mkono kwenye dashibodi, akasema, "Hapa umechagua, mume wangu." Nina raha, sifichi. Leo nitalala usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 8 Machi

Balaa! Siri imefika mbali kuliko nilikoituma. Jirani nimemkuta ananyeshewa, nikamwita apande. Akakataa. Giaboksi, eti! Shemeji kanipa pole mbele ya watu na kuuliza kama nimeshapata wasukumaji. Nikamwambia Jirani gari ni zima. Akatikisa kichwa: lisemwalo lipo. Halipo! Nililitunga mimi! Lakini nitamwambiaje?

Kama Jirani kasikia, Mwalimu Mkuu kasikia. Hapo kazi imekwenda, na mabango yananingoja.

Mpango wa pili. Rangi ya mafuta ninayo, brashi ninazo. Nimeshinda nyuma ya nyumba nikilipaka gari kijani. Kisha nikampigia Mwalimu Mkuu. Nikamwambia lile jeupe bovu nimeliuza, haki ya nani, na sasa nina jingine, la kijani, zima kabisa.  Akasema haya, amesikia.

Mke wangu kanigusa paji la uso kuona kama nina homa.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja na tabasamu la kutosha watu watatu. Mwalimu Mkuu kamwambia ajiandae, huenda kazi ikawa yake. Yake! Nikampigia Mwalimu Mkuu papo hapo.

Mwalimu Mkuu, mama wa watu, akanieleza kwa upole. Maneno ya Kinyozi hakuyajali hata kidogo. Fundi wangu ndiye anayetengeneza jenereta ya shule, na alishamwambia kwamba gari lile jeupe ndilo pekee mjini litakalokipanda kilima kile mvua zote. Kazi ilikuwa imekwisha kuwa yangu. Hilo la kijani halijui, na hawezi kuwapakia walimu wake kwenye gari asilolijua.

"Kwa nini uliliuza, lakini?" akaniuliza.

Hapo mtu mwingine angesema kweli. Hata mimi nilifungua kinywa niiseme. Nikajisikia namwambia kwamba mnunuzi kanirudishia gari asubuhi hii, kakosa hela. Akafurahi sana! Kesho saa nne anakuja kuliona, na likiwa lilelile jeupe, kazi ni yangu.

Namshukuru Mungu rangi nyeupe ipo ya kutosha. Nimeanza na milango. Mke wangu kaacha cherehani, kanishikia kopo, kanitazama weee, kisha akauliza, "Na akiliulizia lile la kijani?"

Nimemwambia aondoe shaka. La kijani nimeshaliuza, na kwa faida.