Mama Bernard Aanzia Pembeni

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Lupaso.

Nimechoka. Mikorosho arobaini, majani yanafika kiunoni, na msimu wa moto ndio huu. Mke wangu, Anastasia, anasema nishike fyekeo. Fyekeo! Na mgongo huu? Nimemwita jirani yetu, Mama Bernard, tucheze sataranji siku ya Nane Nane. Atakayeshindwa atamsafishia mwenzake shamba lote. Kakubali upesi mno. Maskini ya Mungu.

Jumatano, 6 Agosti.

Nimekariri mchezo kwenye simu. Kete nyeupe, unabana katikati, kwisha habari. Farasi wangu mweusi mmoja alipotea. Mahali pake nimeweka korosho ya kukaanga. Tutachezea kwangu, nimlishe ugali wa muhogo asinzie.

Ijumaa, 8 Agosti.

Anastasia kasema mgeni ndiye achague kete. Mama Bernard kachukua nyeupe. Ugali kala, kaongeza, macho makavu!

Kaanza na askari wa pembeni. Tena mwingine wa pembeni. Askofu kamficha karibu na kona. Nikacheka, nikamwambia vita viko katikati. Kanijibu kwa upole, Baba Yuliana, hata shambani mimi huanzia mpakani, moto wa jirani usinikute.

Nikajaza askari katikati. Mfalme nikamwacha hapohapo. Mara askofu wake katoka kule kwake, kakata ubao mzima, kala ngome yangu. Kwa uchungu nikatafuna korosho. Kumbe farasi wangu! Baada ya hapo mfalme hakuwa na pa kukimbilia. Nimeumia, sifichi.

Jumamosi, 9 Agosti.

Ahadi ni deni. Mama Bernard ana mikorosho sitini. Kaniletea fyekeo mwenyewe, kanisihi nianzie mpakani na Stefano, jirani yake wa shamba, kwa kuwa Stefano atachoma majani yake Jumatatu. Korosho ndizo ada ya mwanawe, kasema. Nimeitikia vizuri tu.

Jumatatu, 11 Agosti.

Nimeanzia katikati. Ndipo panapoonekana kutoka barabarani. Mama Bernard akipita ataona nimefanya kazi. Mikorosho minne tayari. Mgongo umegoma, nimekaa kivulini naandika. Nitamwomba marudiano, na safari hii askari wote katikati, mapema zaidi.

Moshi unatoka kwa Stefano. Upepo unavuma huku, lakini moto uko mbali bado.

Mpakani nitakwenda kesho.