Kabureta ya Mzee na Sufuria ya Mama Neema

Leo nimeaibishwa na sufuria. Sufuria yenyewe imetoboka, imetundikwa ukutani, wala haisemi. Lakini imenishinda.

Acha niwaeleze mwenyewe kwa utaratibu, kabla hamjaisikia kwa majirani zangu wa Buhongwa ikiwa imeshaongezwa chumvi.

Wanaonijua wanajua. Niliondoka Mwanza na begi moja na nauli ya kunifikisha mpakani tu. Sikushikwa mkono na mtu. Sauzi nimekaa miaka saba, mchana naosha magari, jioni niko darasani. Nimerudi na mabegi matatu, diploma ya ufundi wa magari, na jina jipya la mtaani, Sauzi. Diploma iko kwenye fremu sebuleni kwa mzee, juu kidogo ya picha yake ya harusi. (Alilalamika. Nikamwambia picha ya harusi kila mtu anayo.)

Mzee wangu ni mwalimu mstaafu. Alifundisha ng'ambo ya ziwa, upande wa Busisi, na kila Ijumaa alirudi nyumbani na pikipiki yake nyekundu. Kabla ya daraja kulikuwa na kivuko tu, kwa hiyo alisubiri. Alisubiri juani, alisubiri kwenye mvua, alisubiri katikati ya malori na ng'ombe. Anasema nusu ya madaftari ya wanafunzi aliyasahihishia kwenye foleni. Sasa daraja lipo, watu wanapita kama upepo, na mzee hajawahi kulivuka! Pikipiki ilikufa kabla daraja halijafunguliwa. Ukimpa lifti ya gari anakataa.

"Nilisubiri na pikipiki hii," anasema. "Nitapita bila kusubiri na pikipiki hii hii."

Na ilikuwa lazima iwe leo. Rafiki yake mkubwa, Mwalimu Magesa, ambaye walifundisha pamoja miaka yote ile, kesho asubuhi anahama Busisi kwenda kuishi na mwanawe Dodoma. Leo alikuwa anamsubiri mzee na sato wa kuchoma. Nikamwambia mzee jana, "Kesho saa nane mchana uwe umevaa helmeti." Nilisema mbele ya watu. (Huwa nasema mbele ya watu. Ndivyo nilivyo.)

Ugonjwa wa pikipiki niliujua mapema. Kabureta. Petroli ya zamani ililala humo mpaka ikawa gundi. Jeti, vile vidude vidogo vya shaba vinavyopitisha mafuta, zimeziba kabisa. Na mwili mzima wa kabureta umeota ukoko mweupe kama birika la hoteli. Swali likabaki moja tu. Nisafishie nini?

Saa mbili asubuhi nikapita kwa Masanja, fundi pikipiki wa pale kona. Tulisoma wote shule ya msingi. Yeye hakuendelea. (Nilikuwa na mazoea ya kulitaja hilo. Kuanzia leo nimeacha.)

"Sauzi, hiyo ndogo," akasema, akiigeuza kabureta mkononi. "Loweka kwenye petroli, sugua na mswaki, jeti pitisha uzi mmoja wa waya wa breki, piga upepo. Mchana unapanda."

"Masanja, ndugu yangu, hiyo ni njia ya mwaka gani?"

"Ya mwaka huu. Leo nimeshasafisha moja."

Nikamwonea huruma. Nikabeba kabureta yangu nikaondoka.

Nyumbani nikaanza na dawa ya kopo, ile ya kupuliza, niliyoibeba kutoka Sauzi kama dhahabu. Ikapuliza mara mbili, ikakohoa, ikaisha. Nikaleta thina, ile ya kuyeyushia rangi. Gundi ikapungua, ukoko ukanitazama tu. Nikakamua ndimu sita. Mikono ikanukia vizuri.

Saa nne.

Mwingine angekata tamaa. Mimi? Mimi nilivuka mipaka mitatu na begi moja! Nikakaa chini nikajiuliza kisomi: mtaa huu, ni kitu gani kikali kuliko vyote? Jibu likaja lenyewe. Kostiki! Ile soda ya kutengenezea sabuni. Inakula mafuta, inakula grisi, inazibua mabomba ya choo. Na nyumba ya tatu kutoka kwetu anaishi Mama Neema, mtengeneza sabuni, anayefundisha kinamama wenzake uani kwake.

Nikamkuta ana wanafunzi wanne, wote wamevaa glavu, wamezunguka ndoo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo Sauzi katukumbuka!"

Nikaeleza shida yangu. Wakati naeleza, macho yakaenda ukutani. Kwenye msumari kulikuwa na sufuria kuukuu, nyeusi, ina matundu chini kama chujio.

"Mama, hii nayo mbona umeitundika kama picha ya harusi?"

"Huyo ni mwalimu msaidizi," akasema. "Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani alikorogea kostiki humo. Kostiki haikai na alumini, inaila. Siku hizi sisemi sana. Anayekuja mpya namwonyesha ukuta."

Nikacheka! Jamani, nilicheka mpaka nikashika ukuta wenyewe. "Hakusoma huyo!" nikasema.

Wanafunzi nao wakacheka. Nikajisikia vizuri.

"Na wewe unataka kusafisha vitu vya namna gani?" Mama Neema akauliza. "Ni vya chuma?"

"Vya chuma, mama."

"Una hakika? Maana chuma sawa, lakini alumini..."

"Mama," nikamkatiza, kwa upole wa mtu mwenye fremu ukutani, "mimi nina diploma."

Akanitazama kidogo. Akasema kostiki haitoki uani kwake kwa sababu mtaa una watoto, kwa hiyo nisafishie vitu vyangu pale pale. Akanipa glavu na ndoo ya plastiki. "Maji kwanza, kostiki baadaye. Usigeuze mpangilio." Kisha akaingia ndani kupima mafuta ya mawese.

Nikakoroga. Nikakoroga kali, kwa sababu muda haukuwa rafiki. Nikafungua kitambaa nilichobebea vitu vyangu, nikaitumbukiza kabureta nzima pamoja na jeti zake.

Ikaanza kuchemka yenyewe bila moto.

Kinamama wakasogea. Na mimi nikiona watu wamesogea, basi. Nikapanda jukwaani.

"Mnaona mapovu hayo?" nikawaambia. "Huo ni uchafu unatoka. Uchafu wa miaka! Kadiri mapovu yanavyokuwa mengi, ndivyo kazi inavyofanyika. Hii ndiyo kemia, kina mama. Wenzenu tumeisomea."

"Mbona maji yanakuwa meusi?" mmoja akauliza. Huyu alikuwa mfupi, ana kilemba cha kijani. Mkumbukeni.

"Ni masizi."

"Na ndoo mbona imepata moto hivi?"

"Ni nguvu ya dawa, dada."

Niliwaeleza kuhusu Sauzi. Niliwaeleza kuhusu gereji za kule, sakafu safi mpaka unaweza kulia ugali juu yake. Nafikiri nilikaa karibu saa nzima nikizungumza. Kila nilipotua, ndoo ilikuwa inaunguruma nyuma yangu.

Mama Neema akatoka ndani na dumu la mawese. Akasimama. Pua yake ikafanya kazi kabla ya macho.

"Umeweka nini humo?"

"Kabureta, mama."

"Kabureta ni ya chuma gani?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Na hapo, jamani, ndipo nilipolisikia swali kwa mara ya kwanza. Kabureta ni ya alumini. Najua ni ya alumini. Kwenye mtihani niliandika ni ya alumini, nikapata tiki!

Mama Neema akachukua kijiti, akaitoa. Ilikuwa nyeusi kama mkaa. Sikio moja la kufungia boliti lilibaki ndani ya ndoo. Akaisuuza kwa maji mengi, akaiinua juu ili aione vizuri. Kikombe cha chini, kile kinachoshika petroli, kilikuwa na matundu mawili. Yule wa kilemba cha kijani akasogea upande wa pili, akachungulia. Nikaliona jicho lake likinitazama kupitia kabureta ya baba yangu.

Yule mama akaondoa jicho. Kisha taratibu, akiwa na glavu yake ya njano, akanyoosha kidole. Hakuninyooshea mimi. Aliinyooshea sufuria.

"Hakusoma huyo," akasema.

Basi. Walianguka. Mmoja alikaa chini kabisa, kwenye maganda ya chikichi. Mama Neema, mtu mzima, mzee wa kanisa, aliweka dumu chini na kujifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanacheza.

Na kama hiyo haitoshi, geti likafunguka. Mzee wangu. Amevaa koti lake la ualimu, kalamu mbili mfukoni, na helmeti kichwani tayari, kamba ameifunga kidevuni. Saa sita na nusu.

"Lameck," akasema, "nimesikia kicheko nikajua imewaka."

Kicheko kikakatika. Mama Neema alimpa kabureta. Mzee aliigeuza mikononi kama daftari la mtoto aliyefeli. Akaitazama sufuria. Akaitazama tena kabureta. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

"Tangu darasa la pili," akasema, "unajibu kabla hujasoma swali."

Akageuka. Kamba ya helmeti akaanza kuifungua, haifunguki.

"Mzee," nikasema, "usivue."

"Lameck."

"Usivue helmeti, baba. Saa nane sitaiwahi. Lakini jua halijazama."

Nikazivua jeti kwenye ile maiti ya kabureta. (Niseme ukweli, jeti zilikuwa zinang'aa kama pete za harusi. Shaba ilivumilia. Nilitaka kuwaonyesha kinamama, nikaona hapana.) Nikakimbia mpaka kona. Nimekimbia na glavu mkononi, mtaa mzima unaona.

Masanja alikuwa amekaa na bodaboda watatu. Nikamwekea ile maiti mapajani.

"Sauzi! Hii imegongwa na treni?"

"Una nyingine ya kuingia kwenye pikipiki ya mzee?"

Akafikiri. Akavuta boksi la vyuma chakavu, akatafuta mpaka chini, akatoa moja. Ilikuwa chafu kuliko yangu ya mwanzo. Gundi, ukoko, na utando wa buibui.

"Ipo hii. Kikombe kizima, mwili mzima. Jeti ndizo hazipo."

"Jeti ninazo."

"Sasa utaisafishia nini?" akauliza. Sauti ilikuwa ya upole mno. Bodaboda wote watatu wakasogea wasikie.

"Petroli," nikasema.

"Na?"

"Na mswaki."

"Na?"

"Na uzi wa waya wa breki. Na upepo. Masanja, tafadhali."

"Hiyo njia ni ya mwaka gani?"

"Ya mwaka huu, kaka."

Akanipa kigoda. Nilikaa pale barabarani, diploma yangu na mimi, tukasugua. Nilisugua mpaka kucha zikalainika. Bodaboda walipita wakipunguza mwendo. "Sauzi, usisahau magego!" Nilipitisha waya kwenye kila tundu, nikapiga upepo, nikaiinua juani nione mwanga, nikarudia. Ukoko niliouona mgumu asubuhi ulitoka kwa petroli, mswaki na uvumilivu. Kumbe asubuhi kilichopungua kilikuwa hicho cha mwisho.

Saa kumi kasoro tulikuwa uani kwetu, Masanja ameshika tochi ya simu, mimi nakaza boliti. Mzee amekaa kwenye kiti cha plastiki, helmeti kichwani. Hakuwa ameivua. Kinamama wa sabuni wamepangana kwenye uzio, na Mama Neema ameshaiomba ile maiti ya kabureta.

Teke la kwanza, kimya. La pili, ikakohoa. La tatu, kimya. Nikasikia mtu anasema "kemia" na mwingine anamnyamazisha.

La nne ikawaka.

Ikawaka, jamani! Moshi ukawafunika wote. Mzee alisimama, akaipanda. Nikataka kuendesha mimi. Akanitazama. Nikakaa nyuma.

Tulipofika Kigongo, upande wetu wa daraja, hakupunguza mwendo. Alinionyesha tu kwa kidevu mahali walipokuwa wakisimama wauza mahindi ya kuchoma kwenye foleni ya kivuko. Kisha tukapanda daraja. Upepo wa ziwa ukanipiga uso, koti la mzee likafura mbele yangu kama puto. Katikati ya maji alianza kucheka peke yake. Ni dakika chache tu. Miaka yote ile, na ni dakika chache tu. Upande wa pili alisimamisha pikipiki, akageuka kutazama maji, akajipangusa macho, akasema ni vumbi. Juu ya ziwa, vumbi!

Mwalimu Magesa alikuwa barabarani anatusubiri. Walikumbatiana, mzee na helmeti yake kichwani. Nikafikiri sasa wataagana kwa machozi, wazee hawa. Neno la kwanza la baba yangu lilikuwa hili: "Magesa, huyu mwanangu amechemsha kabureta kwenye sabuni."

Nawaandikia nikiwa mezani kwao. Sato ni mtamu, ila nakula nimeinama. Magesa ameshapaliwa mara mbili, kila akikumbuka anaanza upya.

Sasa hivi Mama Neema ametuma picha. Ukuta wake, misumari miwili. Kwenye wa kwanza ni sufuria. Kwenye wa pili ni kabureta. Ameandika chini, "Walimu wasaidizi sasa wawili. Darasa jipya linaanza Jumatatu, karibu uje utoe maelezo."

Naomba msicheke. Ni mtu gani pale Buhongwa mwenye vitu viwili vya kisomi ukutani? Kimoja kina fremu, kingine kina matundu. Chenye matundu ndicho watu wanapanga foleni kukitazama.