Fugwe Kwapani

Leo nimeadhirika, tena mbele ya kina mama kumi na mmoja.

Mnajua mimi ndiye ninayewafundisha wenzangu wa kikundi hapa Gare kulima mahindi ya bustanini bila dawa za dukani. (Hakuna aliyenituma. Nilijituma.) Fugwe, ule uvimbe unaoota kwenye hindi na kujaa unga mweusi, nimeuhubiri msimu mzima: ukate ukiwa bado mweupe, ufukie mbali, usisubiri upasuke!

Asubuhi walikuwa wanakuja kukagua bustani yangu, kama inafaa kuwa shamba darasa. Nikapita mistari yote. Safi. Mstari wa mwisho, karibu na migomba, nikakuta uvimbe mkubwa kama ngumi. Si mweupe. Umeshakuwa wa kijivu, ngozi imebaki kama karatasi.

Nikaukata taratibu. Kabla sijapata pa kuufukia, nikasikia, "Hodi hapa, Mwalimu!"

Nikautia ndani ya sweta, kwapani. (Msiniulize. Baridi ya huku inapunguza akili.)

Wakaingia. Mbele kabisa Bibi Mwanaidi, mwenyekiti wetu, mtandio mweupe unang'aa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umesimama kama umevunjika mkono?"

"Nimeulalia vibaya tu, Bibi."

"Pole! Hebu njoo."

Akanikumbatia. Bibi Mwanaidi ameshika jembe tangu utotoni. Akikukumbatia, umekumbatiwa.

Puu!

Unga ukatokea shingoni mwangu kama moshi wa tanuri la mkaa. Mtandio ukabadilika rangi. Mama Hoza, nyuma yake, akapiga chafya mara tatu. Tukabaki tunamsikiliza mbuzi wa jirani.

Bibi akajifuta pua, akakitazama kidole.

"Mwalimu, hii si ile fugwe?"

"Ndiyo, Bibi."

"Uliyosema tusiisubiri ipasuke?"

"Ndiyo hiyo, Bibi."

Nikajua basi, shamba darasa limeota mbawa. Bibi akawageukia wenzake.

"Mmeiona? Sasa mnaijua. Bustani imepita. Hatuwezi kujifunzia ugonjwa mahali usipokuwepo."

Wakapiga makofi! Mimi nikavua sweta, nikaenda kufukia mabaki, na wote wakanifuata nyuma na madaftari yao. Mmoja akauliza, "Na sweta nayo inafukiwa?"

Nawaomba msicheke. Na mkinikuta sokoni Soni, salamu ya mkono inatosha.