Hatuna Hata Mbuzi Mmoja

Jumatatu, 9 Machi

Siku ya kumi na tisa ya kungoja. Binti yangu Mwelu ameomba ufadhili wa chuo kikuu. Walioomba ni zaidi ya mia sita. Nafasi ni nne. Nne! Anataka kusomea udaktari wa mifugo. Asipopata, atabaki hapa Mwala akichunga, na wazo hilo linaninyima usingizi, hata ule wa mchana.

Leo wafadhili wamepiga simu. Wamechagua kumi na wawili, na Ijumaa watakuja kuwaona nyumbani. Mwelu yumo! Yumo pia Emily, binti wa jirani yetu Mwalimu Bartholomew, aliyestaafu zamani na bado anatembea na chaki mfukoni. Hilo la Emily lingeweza kuachwa.

Fomu Mwelu alijaza mwenyewe kwa simu yangu. Nilipouliza aliandika nini, akasema ni mambo ya kawaida. Leo ameniomba jambo moja tu. "Nau, tafadhali, usifanye kitu." Akiniita Nau badala ya Baba najua hatanii. Nimeapa, mkono juu ya Biblia ya mama yake.

Jumanne, 10 Machi

Nimefikiri. Kuapa ni kuapa, lakini mimi ni mzazi. Na kila mtu anajua wageni wa namna hii hutafuta nini. Muema wa pale sokoni alinyimwa basari ya karo ya mtoto kwa sababu kamati ilikuta friji sebuleni. Friji yenyewe ilikufa kitambo! Alikuwa anawekea nguo.

Nimezunguka nyumba yangu nikitafuta dalili za utajiri. Paneli ya sola juu ya paa. Vitambaa vya kochi alivyofuma mke wangu Nduku, vyeupe mno. Na mbuzi saba wa maziwa wa Mwelu. Wanene! Mbuzi mnene ni hatari kuliko friji.

Paneli imeshuka kabla ya chai ya saa nne. Iko chini ya kitanda. Vitambaa nikavificha kwenye pipa la mahindi. Nduku akavirudisha. Nikavificha tena. Akavirudisha tena, akaniuliza kama leo nina mpango wa kula. Vitambaa vimebaki kochini.

Jumatano, 11 Machi

Wazo la mbuzi limenijia nikipiga mswaki. Limenifurahisha mpaka nimemeza dawa ya meno. Waende kwa Mwalimu Bartholomew! Kwangu pataonekana patupu, kwake patajaa mifugo. Wageni watasema huyu Emily ana shida gani? Sina chuki na Emily. Ni mtoto mwenye adabu. Lakini nafasi ni nne.

Mwelu ameenda Tala kwa shangazi yake, atarudi kesho. Mbuzi nimewapeleka mwenyewe. Nimemwambia Mwalimu kwangu nyasi imeisha. Hakuuliza hata swali moja. Alifungua lango, akawatupia mbuzi mabua, akanikaribisha chai. Nilijisikia vibaya kidogo. Chai ilikuwa na maziwa mengi, nikanywa kikombe cha pili.

Jioni simu imezimika. Nilitaka kuichaji nikakumbuka paneli iko chini ya kitanda. Si neno. Wageni ni keshokutwa.

Alhamisi, 12 Machi

Wageni wamekuja leo!

Saa tatu asubuhi gari jeupe limesimama langoni. Ameshuka mama mmoja wa miwani, mpole, kwa jina Bi. Wacera. Alisema wamepiga simu mara nane kutuambia siku imebadilika. Mimi nilikuwa nimevaa suruali iliyopigwa pasi! Nilikimbilia nyuma ya nyumba, nikarudi na shati la kuchimbia mchanga, lile lenye tundu mgongoni, nikaketi juu ya jerikeni. Wakati huohuo Nduku akatoka na gauni la Jumapili, akamkaribisha mgeni kwenye kochi la vitambaa. Bi. Wacera akanitazama mimi, akamtazama Nduku, akanitazama tena. Nadhani alidhani mimi ni mfanyakazi.

Ndipo Mwelu akaingia na mfuko wa ndizi, ametoka Tala. Bi. Wacera alifurahi sana kumwona. Akasema wamekuja hasa kuona mbuzi.

Mtego! Niliuona haraka. Nikasimama, nikasema kwa sauti: "Mama, sisi hatuna hata mbuzi mmoja. Hatujawahi kuwa na mbuzi."

Bi. Wacera akatoa karatasi, akasoma polepole maneno ya Mwelu. Jinsi nyanya yake alivyompa mbuzi mmoja mgonjwa alipoingia kidato cha kwanza. Jinsi alivyomtibu. Jinsi alivyopima maziwa kila asubuhi kabla ya shule mpaka mbuzi wakafika saba. Jinsi anavyowafundisha akina mama wanne wa hapa kuweka akiba ya chakula cha mifugo cha kiangazi. Kisha akaeleza kwamba ufadhili huu hautafuti nani hana kitu. Unatafuta nani amefanya kitu. Akauliza, bila ukali wowote, amwamini nani.

Mwelu hakuniangalia. Aliangalia ndizi zake. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma: niliona aibu. Masikio yalikuwa ya moto. Miaka minne mtoto anaamka kabla yetu sote, na mimi nimemfanya mwongo kwa pumzi moja.

Nikasema mbuzi wapo kwa Mwalimu. Sauti ilitoka ndogo.

Tukaenda sote kwa miguu. Mwalimu alikuwa anangoja zamu yake, tai shingoni. Nyuma yake Emily alikuwa amepanga vitabu kwenye kreti za soda. Kumbe ameanzisha maktaba ya watoto wa kijiji. Mbuzi walikuwa wamejaa uani. Bi. Wacera akauliza ni wa nani.

Angeweza kusema ni wa Emily. Nani angebisha? Mimi, niliyesema sina? Nilitazama juu ya paa lake kana kwamba nakagua mabati.

"Hawa si wetu," Mwalimu akasema. "Ni wa huyu msichana. Baba yake aliwaleta jana, nyasi imeisha kwake. Hata Emily wangu alifundishwa kukamua na yeye."

Mwelu akaita mara moja tu. Mbuzi wote saba wakaacha mabua wakamfuata nyumbani, kwa mstari, mbele ya watu wote. Huko akatoa daftari la maziwa, la miaka minne. Bi. Wacera aliandika kurasa nyingi. Mimi nilibaki nyuma na shati langu.

Ijumaa, 13 Machi

Mwelu amenisalimia vizuri. Amenipakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe. Basi. Hajasema neno jingine siku nzima. Afadhali angenigombeza.

Nimerudisha paneli juu ya paa. Kumbe nimeifunga uso chini. Nduku amecheka mpaka akaketi.

Jumatano, 25 Machi

Ujumbe umeingia saa sita mchana. Mwelu aliusoma mara tatu, akakaa chini pale pale kwenye mchanga, akalia. Amepata! Nduku alipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika. Mwelu akanijia, akasema, "Nau, umeona?" Nikasema nimeona. Tukashikana mikono kwa muda mrefu. Nililia pia, lakini upande mmoja tu wa uso, ule ambao hawakuwa wanauona.

Emily amekuwa wa tano.

Jioni Mwalimu Bartholomew amekuja kutupongeza. Amemletea Mwelu jogoo. Nilishindwa kumtazama machoni, nikamtazama jogoo.

Alhamisi, 26 Machi

Nimefikiri tena, kwa utulivu. Kama nisingehamisha mbuzi, Bi. Wacera angewakuta wamesimama zizini, mbuzi kama mbuzi wengine. Kilichomshangaza ni ule mstari! Na mstari uliwezekana kwa sababu kulikuwa na mahali pa kutoka. Nani aliwapeleka hapo? Sidai shukrani.

Ila Mwalimu nina deni naye la wema, na mimi si mtu wa kusahau. Mwelu anasema kuna wafadhili wengine, na Jumatatu wanakuja kwa Emily. Nimepita pale leo. Maskini Mwalimu hajajiandaa kabisa! Kreti kumi na nane za vitabu, wazi, sebuleni, kila mtu anaona. Nani atamsaidia mtu mwenye vitabu vyote hivyo?

Jumapili wakiwa kanisani nitavihamisha vyote. Sitamwambia, ili asihangaike. Chini ya kitanda changu pana nafasi, sasa paneli imetoka.