Tangazo la Blanketi Jembamba

Jumamosi, 13 Desemba

Leo nimeapa. Xaveria atashuka.

Xaveria ni jirani yangu hapa Kayanga, ng'ambo ya barabara. Ana supamaketi yenye milango ya kioo na vitoroli vya kusukuma, kana kwamba watu wa Karagwe hawajui kubeba sukari kwa mikono. Mimi nina Duka la Jumla la Gaudiosus. Masufuria, magodoro, mablanketi, mabeseni, misumari. Kila kitu kipo. Kinachokosekana ni wateja.

Sababu ni tangazo lake la Krismasi. Televisheni ya kebo ya hapa mjini inalionyesha kila jioni. Kijana anarudi nyumbani kutoka Dar es Salaam, mama yake anachungulia dirishani, kinanda kinalia, keki inaletwa, wanakumbatiana. Basi. Mke wangu Stephania hulia kila linapopita. Nimemwambia kijana yule ni dereva wa bodaboda wa Ndama na hajafika hata Biharamulo. Akasema nisimharibie.

Mbaya zaidi, asubuhi alipita mzee Nestory, mwenye fremu ninayoipanga, yaani chumba hiki cha duka. Xaveria ameiomba fremu hii iwe stoo yake ya soda. Mzee amesema ataangalia sikukuu hii. Duka likichangamka, nabaki. Likiendelea kuwa kimya hivi, mwaka mpya nihame. Stephania alisikia yote. Akasema hakuna neno, kwao Bweranyange migomba na kahawa vinasubiri mtu wa kupalilia. Alisema huku akiniangalia mikono.

Mimi, mzaliwa wa Muleba, mtoto wa mfanyabiashara, nikapalilie migomba ya wakwe? Haiwezekani.

Jumatatu, 15 Desemba

Mpango umepatikana. Kebo ina kipindi kila jioni ambapo Joanitha, mtangazaji, anapokea simu za watazamaji watoe maoni kuhusu matangazo ya Krismasi ya maduka. Mkesha wa sikukuu litatajwa tangazo lililopendwa kuliko yote, nalo litaonyeshwa bure mpaka Pasaka.

Nimesikiliza maoni ya leo kwa makini. Mwalimu Laurensia wa Kiruruma aliuliza Krismasi gani hiyo ya Xaveria, keki ipo lakini ndizi hazipo mezani wala senene wa kukaanga. Mwanamume mmoja wa Kyerwa alitaka kujua baba wa yule kijana yuko wapi, maana anamtafuta kila jioni na hajamwona. Mama mwingine alilalamikia tangazo la duka la simu, lile la mzee wa ndevu nyeupe anayegonga dirisha. Tangu walione, watoto wake wanafunga madirisha mchana. Restuta wa hapa sokoni alisifu tangazo la duka la vifaa vya ujenzi kwa sababu ni fupi.

Kumbe watazamaji wana meno! Kazi yangu ni kuyaelekeza tu.

Nikafunika simu kwa kitambaa, nikapiga kama mzee Hirwa wa Kyerwa. Nikaonya kwamba tangazo la Xaveria ni hatari, linawaliza watu mpaka machozi yanaingia kwenye mboga, na mwenye moyo dhaifu asilitazame. Baadaye nikapiga tena kama Mama Costansia, mjane. Nikasema hayohayo kwa uchungu zaidi.

Joanitha alinishukuru. Kisha akauliza hewani inakuwaje Mama Costansia anatumia simu ya mzee Hirwa. Nilifikiri haraka. Nikasema tumeoana. Akatupongeza.

Nimefurahi sana. Akili ikiwa nyepesi, hushikwi.

Jumanne, 16 Desemba

Mji mzima umekaa mbele ya televisheni kuona nani atalia. Watu wanalitafuta lile tangazo kama mechi ya fainali. Walipomaliza kulia wakaenda kwa Xaveria kununua keki. Foleni ilivuka barabara ikafika mlangoni kwangu, ikanizibia.

Ila wengine waliingia kununua leso. Nimeuza leso zote! Xaveria analeta machozi, mimi nayafuta. Kwa hesabu yangu hiyo ni sare.

Alhamisi, 18 Desemba

Sare haitoshi. Natengeneza tangazo langu mwenyewe.

Nimeyachunguza maoni yote na jambo moja liko wazi: watazamaji wanapenda mama mzee. Na mama mzee ninaye. Mama mkwe wangu, Kokwijuka, amekuja jana kutoka Bweranyange kula sikukuu na binti yake.

Kuna tatizo dogo. Mtu hamkodolei macho mama mkwe wake. Miaka yote namsalimia nikiwa mlangoni, macho chini, shikamoo mama, na yeye anaitikia akiwa ameangalia pembeni. Hatujawahi kukaa kiti kwa kiti. Kwa hiyo leo nilimfundisha maneno ya tangazo nikiwa nyuma ya pazia la stoo, Stephania akiyabeba. Maneno ni haya: tangu nipate blanketi la Gaudiosus, baridi ya Karagwe imenikimbia. Nimeyaandika mwenyewe. Yana uzito.

Mama akaomba kwanza alishike hilo blanketi. Nikalipitisha chini ya pazia. Nikasikia akilikunjua na kulikunja tena. Stephania akaja kuniambia mama anasema sawa.

Ameguswa. Nilijua.

Ijumaa, 19 Desemba

Siku ngumu. Naandika nikiwa na sufuria la maji baridi kichwani.

Mpiga picha wa kebo, Pastory, alifika asubuhi. Mimi nilikuwa Baba Krismasi: joho jekundu la kwaya, ndevu za pamba ya godoro. Nilishapiga hesabu kwamba nikiwa na ndevu mimi si mkwe wa mtu, kwa hiyo naruhusiwa kuingia alipo mama. Nilileta na mbuzi, maana wale wanyama wenye pembe za matawi hawapatikani huku.

Mama Kokwijuka alikaa katikati ya duka, ametulia kama yuko kwake. Nikaingia na mbuzi. Nikatangaza bei zote kwa sauti ya juu. Mbuzi akaona pamba. Akazivuta ndevu, akaanza kuzitafuna, na uso wangu ukabaki wazi mbele ya mama mkwe. Kwa adabu nikajifunika blanketi gubigubi na kufumba macho. Sikuona njia. Nikaparamia masufuria, yakanishukia yote.

Mama hakushtuka. Akalichukua lile blanketi lililoniponyoka, akalikunjua mbele ya mwanga, akamgeukia Pastory.

"Hili ni jembamba, waitu, jamani," akasema. "Namwona mpiga picha kupitia humu. Mkija kununua, chukueni mawili. Masufuria yake ni mazito, mmesikia wenyewe. Na huyu mkwe wangu hana hila, ana kelele tu."

Maneno yangu hakuyasema hata moja.

Nimemwambia Pastory akate upuuzi wote, abakize mazuri. Ameniahidi. Ni kijana msikivu.

Jumamosi, 20 Desemba

Pastory amekata. Alichokata ni mimi nikitaja bei.

Vingine vyote vimeonyeshwa. Mbuzi. Ndevu. Blanketi jembamba. Masufuria yakilia kama kengele za kanisani. Nilikuwa nyumbani na majirani wawili tuliowaita kuja kushuhudia. Stephania alikwenda jikoni, nikasikia mabega yake yakigonga kabati, nikadhani analia.

Nikazima televisheni. Nikakaa nikifikiria Bweranyange. Nilikuwa na maumivu ya kweli, siyo ya sufuria. Miaka yote nimelilea duka lile, na mama mkwe amelifunga kwa maneno machache akiwa amekaa kwenye kiti changu.

Baadaye Stephania akaja, machozi mashavuni, akawasha tena. Akaniambia nisikilize kwanza kabla ya kufa.

Simu ya Joanitha ilikuwa haipumziki. Mwalimu Laurensia alisema tangu aanze kutazama matangazo, hili ndilo la kwanza lililomwambia kitu asichokijua. Yule mwanamume wa Kyerwa aliyekuwa akimtafuta baba alisema walau hapa mkwe anaonekana, hata kama ameanguka. Mama wa watoto wanaofunga madirisha alisema leo wamefungua, wanataka kumwona mbuzi. Restuta aliuliza yale masufuria bado yapo.

Nimelala vizuri. Nilikuwa nimepanga hivihivi tangu mwanzo, ila sikutaka kujisifu mapema.

Jumatatu, 22 Desemba

Duka limejaa! Wametoka Ndama, Bugene, mpaka Kyerwa. Mablanketi yamekwisha. Mama alisema wachukue mawili, na wanachukua mawili kweli, wanayaangalia kwenye mwanga, wanacheka, wanalipa.

Mama Kokwijuka amekaa mlangoni. Kila mteja anamwamkia, kisha anamuuliza. Sufuria hili? Zuri. Sabuni hii? Inakwisha haraka, lakini inanukia. Misumari? Kamuulize fundi, mimi nijuaje. Nao wananunua.

Mimi nipo stoo, kwa heshima. Mchana nilimtuma Stephania amwombe mama ayasifie mabeseni ya plastiki kidogo, maana yamejaa. Mama akawatangazia wateja kwamba mkwe wake anaomba ayasifie mabeseni. Yanapasuka, akasema, lakini kwa kubebea mkaa yanafaa.

Mabeseni yamekwisha.

Xaveria alivuka barabara akajidai anatafuta kiberiti. Mtu mwenye supamaketi! Nilimchungulia kwenye pazia. Alisimama karibu na mama akisikiliza kama mwanafunzi.

Jumatano, 24 Desemba

Ushindi! Joanitha ametangaza jioni. Tangazo langu ndilo lililopendwa kuliko yote, na la Xaveria limefuata. Vigelegele mtaani. Mtu alinibeba, akanitua haraka kwa sababu ya uzito, lakini alinibeba.

Mzee Nestory alikuja na mke wake. Wakanunua sufuria kubwa la sikukuu. Mzee akaniambia fremu ni yangu, tena nisisikie maneno ya stoo ya soda kutoka kwa mtu yeyote. Stephania akanishika mkono mbele za watu, jambo asilolifanya. Nilitaka kusema kitu cha maana. Nikaishia kumfungia mzee sufuria lake.

Kisha Xaveria akaja. Akanipa keki, yenye jina langu juu. Ni mtu mzima yule mama, lazima niseme.

"Umenishinda, Gaudiosus," akasema. "Sasa nisikilize. Mama mkwe wako usimwache aondoke."

Nikamjibu kwa upole kwamba siri ya tangazo ni maandishi. Akaniangalia kidogo, akanitakia sikukuu njema.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Ibada ndefu, mchungaji akataja blanketi katikati ya mahubiri na wote wakageuka kuniangalia. Nikainuka kidogo.

Nyumbani ndizi, nyama, senene, na keki ya Xaveria, ambayo kwa bahati mbaya ni tamu. Mama Kokwijuka amesema kesho anarudi Bweranyange, kahawa haijiangalii. Stephania akanisihi nimwombe abaki angalau mpaka Pasaka. Nikasema nitalifikiria.

Ijumaa, 26 Desemba

Nimelifikiria. Mama ameondoka asubuhi, nami nimemsindikiza kwa adabu zote, nikiwa hatua kadhaa nyuma.

Stephania amenuna. Haelewi biashara. Watazamaji hawakumpenda mama. Walipenda mama mzee anayekaa dukani na kuongea, na huyo nilimbuni mimi. Mama alipunguza tu nguvu ya maandishi. Kwa hiyo kwenye tangazo la Pasaka nitamwigiza mimi mwenyewe. Nitasema blanketi ni nene. Nitasema mabeseni hayapasuki. Hakuna atakayenikatiza.

Nimefunga duka nikafanya majaribio stoo. Gauni la Stephania linabana mabegani, lakini kilemba kimenikaa vizuri. Nilikuwa katikati ya sentensi mlango wa nyuma ukafunguliwa. Mzee Nestory! Alikuja kuulizia kifuniko cha sufuria lake.

Sikutetereka. Nikakaa kama mama, nikaangalia pembeni. Akanitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. Kisha akanisalimia kwa heshima, habari za sikukuu mama, akauliza Gaudiosus yuko wapi. Nikajibu amesafiri kwenda Bukoba.

"Akirudi," akasema, "mwambie anyoe masharubu."

Akaondoka taratibu, akaufunga mlango mwenyewe.

Sielewi kwa nini amekumbuka masharubu yangu wakati mimi sikuwapo. Lakini ameamini kabisa! Mzee mwenye macho makali kuliko wote Kayanga ameamini. Xaveria ajiandae.