Majibu ya Damu ya Mama Kola

Jumatatu, 3 Machi
Nimempata! Ukuu wa meza ya kukata ni wangu. Mama Kola, fundi mkuu wetu wa mashati, huingia kazini saa nne kwa ruhusa ya bosi, eti ana baridi yabisi, asubuhi vidole humkakamaa. Sisi wengine saa mbili kamili. Leo karatasi yake ya kliniki imetundikwa msumarini nje ya ofisi, kama za wagonjwa wote hapa kiwandani. Nimeisoma. Kipimo cha damu cha baridi yabisi: hasi. Hasi! Mwongo mkubwa. Ila kola zake, jamani, hata pasi haina la kufanya. Hapo namvulia kofia.

Jumanne, 4 Machi
Nimemnong'oneza bosi. Akakunja uso. Akasema ikiwa ni uongo, Ijumaa Mama Kola anafukuzwa, meza ninachukua mimi. Nimekijaribu kiti chake. Kinanitosha.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeficha mkasi wake mwepesi ili aumbuke. Akachukua ule mzito wa chuma, akakata mashati arobaini. Vifundo vya vidole vimevimba, jasho linamtoka, hakukosea hata shati moja! Nikajikuta nimepiga makofi. Mpiga pasi akauliza niko upande gani. Nikamwambia nilikuwa naua mbu.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa. Bosi alimwita mbele yetu sote. Mama Kola hata hakukasirika. Akasema daktari alishamweleza: katika wagonjwa kumi wa baridi yabisi, wawili watatu hivi damu yao haionyeshi kitu, na viungo vinavimba na kuuma vilevile. Ugonjwa wake waliujua kwa kumkagua vidole na kumpiga picha za viungo. Akatunyooshea mikono. Mikono ile ndiyo inashona kola zile! Machozi yalinitoka, sitanii. Fundi wa kweli. Bosi kaamuru kila saa nne nimsubiri mlangoni na beseni la maji ya uvuguvugu ya kulainisha vidole vyake.

Jumatatu, 10 Machi
Nimewaza siku mbili nzima. Kumbe mtu anaweza kuwa na majibu hasi na bado ni mgonjwa! Nimekimbilia kliniki, nikawabembeleza wanipime damu. Hasi! Sawasawa na bingwa wetu! Nami sasa nitaingia saa nne. Nesi akauliza naumwa wapi. Nikamjibu siumwi popote, aone jinsi ugonjwa ulivyojificha. Akaenda kumwita daktari. Nadhani hajawahi kukutana na mgonjwa mahututi kama mimi.