Wageni wa Bijou Wasiotangazwa

Wananchi wote wa Kavimvira wanaarifiwa kwa furaha kwamba nchi imeokolewa. Imeokolewa na Chef Venant, mkuu wa Ofisi ya Viumbe Vidogo Vinavyovuka Mpaka. Na msicheke, maana ninyi mlipokuwa mnakunywa chai, yeye alikuwa amepiga magoti mbele ya konokono.

Konokono mwenyewe aliitwa Bijou. Aliishi ndani ya sanduku la kioo lenye udongo, na alikuwa wa Mama Charlotte, mjane muuza dagaa wa ndakala wa Mulongwe, aliyekuwa akirudi naye kutoka kwa dada yake ng'ambo, Burundi. Mama alikuwa na jetoni, karatasi ya kuvukia mpaka. Bijou alipita kama mzigo. Lakini Chef Venant si mtu wa kupitwa: juu ya udongo aliona vidudu vyeupe, vidogo kuliko chembe ya chumvi, vinarukaruka.

"Hawa ni nani?"

"Vidudu tu, chef. Viko vinakula kuvu."

"Wametangazwa kwa chef wa nyumba kumi?"

Desturi ya mtaa kila mtu anaijua: mgeni akilala kwako, unamtangaza kwa chef wa nyumba kumi. Bijou alikuwa na nyumba, tena anaibeba mgongoni, hawezi kusingizia kuwa hana. Na alikuwa amelaza mamia ya wageni bila kumtangaza hata mmoja! Chef Venant alijipangusa magoti kwa uzalendo.

Aliitisha kikao. Eliane, mtaalamu wa kilimo wa ofisi, alichungulia kioo, akasema vidudu vile havina madhara yoyote, vinasafisha tu.

"Kutokuwa na madhara ni maoni," alisema Chef. "Kutotangazwa ni kosa."

Amri ikatoka, ikapigwa muhuri mara mbili ili iume: nyumba yoyote itakayokutwa na vidudu visivyotangazwa ifungwe, mwenye nyumba azuiliwe humo humo, na udongo umwagiwe maji ya moto. Kwa konokono, hiyo ni supu.

Mama Charlotte alikaa chini pale pale barazani, akakumbatia kioo. "Chef, minakuomba. Tangu bwana yangu afe, huyu tu ndiye ananingojeaka nyumbani." Machozi yalimtoka bila aibu.

"Mama, sheria haina macho."

"Weye uko nayo, basi angalia!"

Chef aliangalia saa, akaagiza maji yachemshwe. Na kwa vile amri haibagui, Eliane akatumwa kukagua kila udongo uliokuwamo ofisini. Alianza na chungu cha maua nyuma ya kiti cha mkuu. Aliinama, akafukua udongo kwa kidole.

"Chef, na hapa viko. Vingi."

Askari wa zamu, mtu mtiifu kupita kiasi, alikuwa ameshaleta kufuli. Birika lilikuwa linafoka.

"Ngojeni kwanza! Hao si wageni!"

"Ni ba nani basi, chef?"

Chef Venant alifuta jasho kwa tai. "Ni... wafanyakazi. Wa usafi. Wa kudumu."

Akaandika hivyo kwenye karatasi hapo hapo, akatia sahihi. Na kwa kuwa vidudu vya Bijou ni ukoo mmoja na vile vya chungu, Mama Charlotte alibeba sanduku lake, akatoka mbio asije mtu akakumbuka jambo jingine. Njia nzima hadi Mulongwe alikuwa anacheka na kumsemesha Bijou, na wapita njia wakampisha.

Baadaye wakaja wajumbe wa jimbo kutoka Bukavu kukagua ofisi. Walisoma ile karatasi, wakainama kwenye chungu, wakaridhika: wafanyakazi wa kudumu wako kazini, wote, tena hawajawahi kugoma. Wakauliza mkuu yuko wapi. Wakaambiwa ametoka kula samaki wa mukeke, pengine atarudi kesho.

Wajumbe wakatazamana. Kisha wakamfuta kazi Chef Venant, wakaagiza chungu kimwagiliwe maji kila asubuhi.